Hukumu ya Arusha Haina Dalali

Barua zilizofika dawatini mwezi huu karibu zote zinazungumzia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Tumechagua chache na kuzifupisha, na majina ya waandishi na ndugu zao tumeyaondoa.

*Ndugu mhariri, nasoma sheria, mwaka wa pili, Dodoma. Mchungaji Mtikila alishinda kesi ya mgombea binafsi Arusha mwaka 2013. Tumepiga kura 2015, 2020 na 2025, mgombea binafsi hatujamwona. Hukumu isiyotekelezwa si karatasi tu?*

Tuanze na safari ya karatasi yenyewe, maana wengi wanaikumbuka nusu. Mtikila, aliyetaka mtu aweze kugombea bila kupitia chama, alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994. Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo na kuufunga tena mlango aliokuwa ameufungua. Akarudi mahakamani, akashinda tena Mei 2006. Juni 17, 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema suala ni la kisiasa, waamue Bunge. Hapo njia za ndani zikawa zimeisha, na yeye pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakaenda Arusha. Juni 14, 2013 majaji wakasema kumlazimisha mtu apitie chama ndipo agombee kunakiuka haki yake ya kushiriki uongozi wa nchi yake, haki ya kujiunga au kutojiunga na chama, na haki ya usawa mbele ya sheria. Serikali ikaamriwa irekebishe Katiba na sheria ndani ya muda unaofaa, itoe taarifa, na ichapishe muhtasari wa hukumu kwa Kiingereza na Kiswahili.

Sasa, kwa nini hakuna kilichobadilika? Katika mahakama zetu, ukishinda madai na mdaiwa akagoma, unaomba kukaza hukumu. Anakuja dalali wa mahakama na amri mkononi, gari linaondoka. Mahakama ya Afrika haina dalali. Ibara ya 30 ya Itifaki iliyoiunda inasema nchi wanachama wanaahidi kutekeleza hukumu ndani ya muda uliowekwa. Ibara ya 29 inalipa Baraza la Mawaziri la Umoja wa Afrika kazi ya kufuatilia. Ibara ya 31 inaitaka Mahakama, katika ripoti yake ya kila mwaka, iitaje kwa jina nchi ambayo haikutekeleza. Zana zote ni hizo tatu. Na katika Baraza hilo nchi iliyotajwa ina kiti chake, imezungukwa na wenzake ambao nao wana hukumu zao kabatini, kwa hiyo usitegemee ikaripiwe sana.

Lakini kuiita karatasi tu si kweli. Tazama Burkina Faso. Mwandishi wa habari Norbert Zongo alikutwa amekufa, gari lake limeteketea, Desemba 13, 1998 pamoja na wenzake watatu. Machi 28, 2014 Mahakama ikasema serikali haikufanya bidii kuwatafuta wauaji. Juni 5, 2015 ikaamuru fidia: faranga za CFA milioni 25 kwa kila mjane, milioni 15 kwa kila mtoto, milioni 10 kwa kila mzazi, na uchunguzi ufunguliwe upya. Fedha zililipwa, faili likafunguliwa. Nchi ile ile, Desemba 5, 2014, iliambiwa kwamba kumfunga mwandishi Lohé Issa Konaté miezi 12 kwa kashfa ni kuvuka mpaka. Mwaka 2015 kifungo kwa kosa hilo kikafutwa katika sheria.

Siri ya Burkina ni tarehe. Blaise Compaoré aliangushwa na wananchi Oktoba 31, 2014. Serikali iliyolipa fidia haikuwa ile iliyoshtakiwa. Waliokuja baada yake hawakuwa na sababu ya kuilinda siri ya waliotangulia, tena familia ya Zongo na wanahabari hawakuacha kupiga kelele mitaani. Tanzania, suala la mgombea binafsi liligota kwenye Katiba mpya. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilimruhusu mgombea huru, ila kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Mtikila mwenyewe alifariki Oktoba mwaka huo.

Kuna kazi nyingine hukumu inayofanya ambayo haionekani kwenye ripoti za utekelezaji. Hukumu ya Konaté ilivuka mpaka bila kupelekwa na mtu. Februari 6, 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilipofuta kosa la jinai la kashfa katika Kanuni ya Adhabu, ilikuwa imeisoma. Kama mwanasheria mtarajiwa, hapo ndipo pa kuweka macho: jaji wa nyumbani akiikubali hoja ya Arusha, hukumu yake sasa inakazwa kama hukumu nyingine yoyote ya nyumbani.

*Wanangu, mwanangu yuko Butimba, Mwanza, miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwaka 2019 alipeleka maombi Arusha akiwa humo humo gerezani. Wenzake wanamwambia kesi ilikufa Tanzania ilipojitoa. Na je, akishinda anatoka?*

Shikamoo mama. Kesi haijafa. Tanzania haikujitoa kwenye Mahakama. Ilichoondoa ni tamko lake la Ibara ya 34(6) ya Itifaki, lile linaloruhusu mtu binafsi au asasi kuishtaki moja kwa moja. Taarifa ya kuliondoa ilitolewa Novemba 21, 2019. Mahakama ilikwisha sema mwaka 2016, Rwanda ilipofanya hivyo, kwamba kuondoa tamko kunahitaji miezi 12 na hakugusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Kwa Tanzania mlango ulifungwa Novemba 22, 2020. Maombi ya mwaka 2019 yapo ndani.

Swali la kutoka ni gumu zaidi, na tusikudanganye. Mahakama ya Afrika si mahakama ya rufaa juu ya Mahakama ya Rufani. Haipimi upya kama shahidi wa pili alisema kweli. Inaangalia kama kesi iliendeshwa kwa haki: alipewa wakili? alisikilizwa utetezi wake? alipewa nakala za kumwezesha kukata rufaa? Katika mashauri mengi ya wafungwa wa Tanzania, kosa lililothibitika ni kwamba mtu alishtakiwa kwa kosa zito, hana uwezo, na serikali haikumpa wakili wa bure. Kwa kosa hilo peke yake Mahakama imezoea kutoa shilingi 300,000. Hujasoma vibaya, mama: laki tatu, bila kukatwa kodi, zilipwe ndani ya miezi 6, zikichelewa ziongezwe riba kwa kiwango cha Benki Kuu ya Tanzania. Amri ya kumwachia mfungwa hutolewa kwa nadra, pale ambapo kosa la serikali limeharibu kesi kiasi kwamba haiwezi kusafishika. Desemba 7, 2018 Mahakama iliamuru mfungwa mmoja aachiwe kwa sababu alinyimwa nakala za mwenendo na hukumu, akashindwa kabisa kukata rufaa.

Waliohukumiwa kunyongwa wana hali tofauti kidogo. Novemba 28, 2019 Mahakama ilisema adhabu ya kifo ya lazima, ambayo haimwachii jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa, inakiuka haki ya kuishi, na kunyonga kwa kamba kunadhalilisha utu. Iliamuru kipengele hicho kitolewe kwenye Kanuni ya Adhabu ndani ya mwaka mmoja na wahusika wasikilizwe upya juu ya adhabu. Mashauri mengi yaliyofuata yameegemea hukumu hiyo.

Mambo ya kufanya wiki hii. Pata namba ya shauri, ile yenye tarakimu tatu na mwaka. Kama amehamishwa gereza tangu 2019, Msajili aandikiwe anwani mpya, kwa maana barua zikirudi bila majibu Mahakama inaweza kulifuta shauri kwenye daftari kwa kuona mwenyewe amelitelekeza. Na kama ameomba fidia kwa ajili yako au watoto wake, vielelezo vya undugu viwemo: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, au kiapo. Fidia za wanafamilia zimekataliwa mara nyingi si kwa sababu hawakuumia, bali hakuna karatasi inayoonyesha kwamba huyu ni mke na yule ni mtoto.

*Rufaa ya kaka yangu imekataliwa na Mahakama ya Rufani miezi minne iliyopita. Hajapeleka kitu Arusha. Afanyeje? – Geita*

Arusha moja kwa moja haiwezekani tena. Mapitio, yaani kuiomba Mahakama ya Rufani iitazame upya hukumu yake yenyewe, yana ukomo wa siku 60 tangu hukumu; sasa inabidi aanze na maombi ya kuongezewa muda, tena aeleze kila siku iliyopita. Njia ya pili ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, Gambia. Tume haihitaji tamko la nchi. Inapokea malalamiko kwa barua, bila ada, na mapitio si sharti la kwanza. Ni polepole, na uamuzi wake ni mapendekezo, ila Tume ina uwezo wa kulipeleka shauri Mahakamani yenyewe. Asikawie, hata hivyo: sharti la kupeleka ndani ya muda unaofaa liko Banjul kama lilivyo Arusha.

*Habari za kazi. Mimi ni wa Kyela. Mume wangu ni dereva wa lori, alifungwa Malawi. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza na Kichewa, hana mkalimani. Rufaa ya High Court ya huko imekataliwa. Kwa kuwa Tanzania ilijitoa, nasi tumefungiwa?*

Hapana, dada. Kinachoangaliwa ni nchi unayoilalamikia. Pasipoti ya mumeo haihusiki. Malawi iliweka tamko mwaka 2008 na haijaliondoa, hivyo Mtanzania anaweza kuishtaki Malawi Arusha hata leo, ilhali mwenzake aliyefungwa Mbeya hawezi kuishtaki Tanzania. Ajabu, lakini ndiyo sheria.

Tatizo lenu ni jingine. High Court si mwisho wa njia Malawi. Juu yake kuna Mahakama ya Juu ya Rufaa. Mkiruka hatua hiyo, shauri litakataliwa kabla halijasomwa kwa kina. Hili ndilo jiwe linalowaangusha wengi. Njia za ndani mnazotakiwa kuzimaliza ni zile za kawaida za kimahakama, zinazopatikana kweli na zinazoweza kuleta nafuu. Huhitaji kumaliza njia za pembeni kama msamaha wa rais. Na kama rufaa imekaa miaka bila kupangiwa tarehe, sheria inaruhusu kuja Arusha, lakini mtaonyesha barua za kufuatilia, mihuri na tarehe. Kusema "mahakama zao zinachelewesha" hakutoshi.

Mkishamaliza, maandishi yenyewe si magumu. Fomu ipo kwenye tovuti ya Mahakama, na hata barua iliyopangwa vizuri inapokelewa. Iwe na jina na anwani ya mlalamikaji na ya anayemwakilisha, nchi inayolalamikiwa, maelezo ya matukio kwa kufuata tarehe, haki zilizovunjwa, njia za ndani zilizopitiwa na tarehe ya kila uamuzi, na mnachoomba. Kisha sahihi. Ambatanisheni nakala za hukumu za ngazi zote na mwenendo wa kesi. Mwenendo ni muhimu kuliko mnavyodhani. Mahakama imewahi kulikataa dai la mkalimani kwa sababu kumbukumbu zilionyesha mshtakiwa hakulalamika kuhusu lugha, kesi ikaendelea, naye akijibu maswali. Someni kila ukurasa mtafute mahali ambapo mumeo au wakili wake alisema haelewi lugha. Kama papo, pigieni mstari, maana kesi yenu yote iko hapo.

Kwenye haki zilizovunjwa, tajeni Ibara ya 7 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayohusu kesi ya haki, na Ibara ya 14(3)(f) ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambayo inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Mahakama ya Afrika inaruhusiwa kutumia mkataba wowote wa haki za binadamu ambao nchi husika imeuridhia, na Malawi imeuridhia huo.

Msitukane. Kuna sharti kwamba maombi yasiwe na lugha ya kudhalilisha nchi au vyombo vyake. "Hakimu alikula rushwa" bila ushahidi itawagharimu. Pia msitegemee habari za magazeti peke yake.

Kuhusu muda, hakuna idadi ya siku iliyoandikwa; kila shauri linapimwa kwa hali ya mhusika. Mfungwa asiye na wakili, aliye mbali na taarifa, huvumiliwa zaidi. Hata hivyo Mahakama imewahi kupokea shauri lililochelewa miaka 5 na mwezi 1, na kulikataa jingine la miaka 5 na miezi 4. Anayechezea ukingoni asilie akitumbukia. Pelekeni ndani ya miezi sita, mkichelewa elezeni kwa nini.

Ada hakuna. Wakili si lazima, na Mahakama inaweza kumpa asiyejiweza wakili kupitia mpango wake wa msaada wa kisheria, mkiomba. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha za Umoja wa Afrika, ila kwa kuwa karatasi zenu za Malawi ziko kwa Kiingereza, andikeni kwa Kiingereza, mtaokoa muda wa tafsiri. Shauri likisajiliwa, serikali inapewa siku 90 kujibu, nanyi siku 45 kujibu majibu yake. Isipojibu, Mahakama inaweza kutoa hukumu ya upande mmoja. Mashauri mengi huamuliwa kwa maandishi bila mtu kusimama kizimbani. Na huchukua miaka. Kama kuna hatari isiyoweza kungoja, kwa mfano afya yake inaporomoka na ananyimwa matibabu, ombeni amri ya muda katika maombi hayohayo, mkiweka cheti cha daktari.

*Uhamiaji wananiambia nithibitishe mimi ni Mtanzania. Nina cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, hata pasipoti ya zamani. Nithibitishe nini zaidi? – Kigoma*

Kuna hukumu ya Machi 22, 2018 inayokuhusu moja kwa moja. Mtu mmoja alienda polisi kwa ajili ya taratibu za ndoa yake, pasipoti ikachukuliwa, baadaye akaambiwa si raia na kupelekwa Kenya. Kenya nayo ikamrudisha kwa kuwa si wake. Akabaki kwenye ardhi isiyo ya mtu pale mpakani Sirari, nyuma yake Kenya, mbele yake Tanzania. Mahakama ilisema hivi: mtu aliyeishi akijulikana kuwa raia, tena kwa hati zilizotolewa na serikali hiyohiyo, hana mzigo wa kuthibitisha. Anayekana ndiye athibitishe. Na mashahidi wa ukoo wanapopingana, kipimo cha vinasaba kilikuwepo na hakikufanyika. Aidha iliitaka Tanzania irekebishe sheria ili migogoro ya uraia ifike mahakamani badala ya kuishia kwa Waziri.

Huwezi kuipeleka kesi yako Arusha leo, lakini hoja hiyo unaweza kuibeba. Omba sababu za kukutilia shaka kwa maandishi. Usikabidhi hati asilia bila stakabadhi. Toa nakala zilizothibitishwa. Ukinyimwa, wakili wako aombe mapitio ya uamuzi wa kiutawala Mahakama Kuu, na hukumu hiyo aiambatanishe. Maombi hayo ya Mahakama Kuu yana ukomo wa miezi 6, usikae ukingoja wito mwingine.

*Kenya haijaweka hilo tamko mnalolisema. Sasa Ogiek wa Mau walishindaje? Na pesa zilikwenda wapi? – Nakuru*

Ogiek, jamii ya warina asali wa msitu wa Mau, walipitia Tume ya Banjul. Oktoba 2009 Shirika la Misitu la Kenya liliwapa notisi ya siku 30 watoke msituni. Mwezi uliofuata malalamiko yakapelekwa Tume. Tume iliiandikia Kenya isimamishe uhamisho, ikaona kimya, na Julai 2012 ikalifikisha shauri Mahakamani kwa jina lake yenyewe. Kenya imeridhia Itifaki, kwa hiyo Tume inaweza kuishtaki bila tamko lolote. Machi 15, 2013 ikatoka amri ya muda, Mei 26, 2017 ikatoka hukumu, na Juni 23, 2022 fidia. Hesabu mwenyewe: kutoka notisi hadi fidia, karibu miaka 13.

Uzito wa hukumu ile uko kwenye hoja mbili. Kwanza, Ogiek walitambuliwa kuwa watu wa asili wa msitu ule, wenye haki ya ardhi kama jamii hata bila hati. Pili, serikali ilidai inawatoa ili kulinda chanzo cha maji, nayo Mahakama ikajibu kwamba uharibifu wa Mau haukuletwa na warina asali, uliletwa na ugawaji wa ardhi na ukataji wa magogo ulioruhusiwa na serikali. Hoja hiyo ya pili watu wa Loliondo na Ngorongoro, Tanzania, wanaoambiwa wapishe uhifadhi, wanaifahamu vizuri.

Fidia ni shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, ziingie kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii utakaoundwa ndani ya miezi 12. Ardhi ipimwe na hati ya pamoja itolewe ndani ya miaka 2. Kenya iliunda jopo kazi baada ya 2017, ripoti yake haikuwekwa hadharani. Novemba 2023 nyumba zilibomolewa tena Sasimwani, Narok. Juni 2024 ikapita, hati hakuna. Kama mko kwenye jamii hiyo, kazi iliyobaki ni ya kumbukumbu: orodha ya kaya, picha zenye tarehe, majira ya nukta (vipimo vya GPS) za mipaka ya koo, mihtasari ya mikutano. Mahakama inapoita kikao cha kufuatilia utekelezaji, serikali huja na faili nene. Asiye na faili husikilizwa kwa huruma tu.

*Jambo sana. Sisi wa Bukavu tunaweza kushitaki Rwanda wenyewe?*

Ninyi kama raia, hapana. Rwanda iliondoa tamko lake 2016. Serikali yenu, ndiyo, kwa sababu Rwanda bado imo kwenye Itifaki. Kongo ilifungua shauri mwaka 2023 na pande mbili zilisikilizwa Arusha Februari 2025. Mlicho nacho ninyi ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Someni jibu la mwisho hapo chini kuhusu miezi miwili.

*Nafanya kazi za ndani Muscat, pasipoti yangu imezuiwa na mwajiri. Arusha wanasaidia?*

Pole, mdogo wetu. Oman haimo Umoja wa Afrika, Arusha haiifikii. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Kiarabu ilipitishwa kwenye makaratasi 2014, haijaanza kazi. Mlango wako ni ubalozi wa nchi yako na idara ya kazi ya Oman. Sheria ya huko hairuhusu mwajiri kukaa na pasipoti yako bila ridhaa. Piga picha mkataba, viza na kitambulisho chako, mtumie ndugu yako nyumbani leo.

*Naishi Njiro. Mahakama za kimataifa hapa Arusha ni ngapi, na naweza kuingia kusikiliza?*

Ni tatu, na watu huzichanganya hadi wanapeleka makaratasi kwenye masijala isiyo yao. Huko Lakilaki kuna Mfumo wa Umoja wa Mataifa uliorithi kazi za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwisho wa 2015. Huo ulikuwa wa kuwashtaki watu kwa jinai, hauhusiki na malalamiko yako. Katika makao makuu ya Jumuiya kuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Hii inapokea shauri la mkazi yeyote wa nchi mwanachama dhidi ya nchi mwanachama yoyote, haidai umalize njia za ndani, haidai tamko. Lakini ina kisu: miezi 2 tu tangu kitendo kutokea au ulipokifahamu, na haiongezwi. Haikupewa rasmi mamlaka ya haki za binadamu, ila tangu Novemba 1, 2007, katika kesi ya Katabazi dhidi ya Uganda, inazisikiliza kupitia misingi ya utawala wa sheria iliyomo kwenye Mkataba wa Jumuiya. Watanzania waliofungiwa mlango 2020 wanaitumia zaidi sasa, na wengi huanguka kwenye ile miezi miwili.

Ya tatu ndiyo Mahakama ya Afrika, eneo la TANAPA, barabara ya Dodoma. Ina majaji 11, na Rais wake peke yake ndiye anayekaa Arusha mwaka mzima. Wengine huja kwenye vikao vinne vya mwaka. Kwa hiyo ukienda wiki isiyo ya kikao utakuta masijala tu. Usikilizaji na usomaji wa hukumu uko wazi kwa umma: angalia ratiba kwenye tovuti, fika mapema na kitambulisho, simu izimwe. Jaji ambaye ni raia wa nchi inayoshtakiwa haketi kwenye shauri hilo, hivyo ukiona jaji Mtanzania hayupo jukwaani, huenda kesi ni ya kwetu.